Maombi Yaliyofungiwa Maktabani

Marsela hakuwa mtu wa kutaka makubwa. Hakudai kitenge cha Krismasi, hakulilia nyumba ya bati pale wenzake wa Rhotia walipoanza kuezua nyasi, na siku mwanawe Silvanus aliponunua pikipiki kwa bakshishi za watalii, alichosema ni kwamba itamvunja shingo. Jambo aliloling'ang'ania uzeeni lilikuwa moja: asikie kwa masikio yake maneno ambayo mumewe, mzee Qamara, aliyasema juu yake mbele ya wanaume wa kijiji na mbele ya kinasa sauti cha chuo kikuu, siku ambayo yeye mwenyewe alikuwa jikoni akisonga ugali wa wageni.

Ni jambo dogo. Lingemalizika kwenye kikombe cha chai. Lakini liliangukia mikononi mwa wazee na wasomi kwa pamoja, na hao wakishirikiana, hata mlango usio na komeo hukosa wa kuufungua.

Marsela aliolewa Rhotia miaka ya mwanzo ya Uhuru. Akazaa mtoto wa kiume, na mtoto akafa kabla hajaota meno. Wakati ule Wairaqw walikuwa bado wanaishika sana desturi ya meta: nyumba iliyopatwa na mkosi hutengwa, haichangii moto na majirani, haichoti maji mahali pamoja nao, wala haipiti njia yao, mpaka muda wake upite. Mtoto alipozikwa, mama mkwe akakumbuka kwamba mkwewe aliwahi kwenda kuomba kaa la moto nyumba ya pili, na nyumba ile ilikuwa kwenye meta. Marsela akaapa kwamba alikwenda kabla haijatengwa. Lakini nani amsikilize msichana wa kuja, tena aliyefiwa? Akawa tangu siku hiyo mwanamke aliyemuua mwanawe kwa kaa la moto.

Hakuna aliyemwambia usoni. Watu wana adabu zao. Ila jirani akijifungua, wanawake wote waliitwa isipokuwa yeye, na mama mwenye kichanga mgongoni alimfunika uso mtoto akimwona Marsela anakuja. Alimzaa Hyasinta, akamzaa Silvanus, wote wakakua na afya zao, na bado kaa lile halikuzimika. Qamara hakumpiga, hakumfukuza, na hakumtetea. Aliishi naye vizuri kama mtu anayeishi na jirani mwema.

Na Qamara, kusema kweli, kunyamaza hakukumfaa, maana Mungu alimpa mdomo. Yeye ndiye aliyekuwa mtoaji wa slufay, yale maombi marefu ambayo wazee wa Kiiraqw huyatoa hadharani. Mmoja hutamka, wengine huitikia kila mstari. Hutajwa mabaya yote, njaa, ndui, ukame, kijicho, yakafukuzwa moja baada ya jingine, ndipo zinapokuja baraka. Qamara akianza, hata walevi walikaa sawa. Wanawake walikuwa upande wa jikoni, na kwa wazee wa upande ule lilikuwapo sharti lisilo na mjadala: maneno ya slufay hayabebwi kupelekwa jikoni. Aliyekuwepo ameyasikia, na asiyekuwepo asubiri siku yake.

Mwaka 1997, mavuno yakiwa yameingia, akaja Daktari Thadei, mtafiti kutoka chuo kikuu cha mbali, Dar es Salaam, mtu wa Kilimanjaro, mpole, anayekula makande bila kuchokonoa. Siku ya kurekodi alitaka Qamara aseme peke yake ndani, pasiwe na makelele. Mzee akamcheka. Maombi bila waitikiaji, alisema, ni mtu anayejisalimia mwenyewe na kujiitikia. Basi wakaitwa wanaume wa jirani, wakaketi uani, na mashine ikawekwa juu ya kigoda kama mgeni wa heshima.

Huko mwishoni, kwenye baraka, Qamara alimtaja mkewe kwa jina. Haikuwa kawaida. Marsela, mwiko mkononi, alilisikia jina lake, kisha sauti ya mumewe ikashuka akawa hasikii kitu, kisha wanaume wakaitikia kwa sauti nzito kuliko mara zote. Jioni akamuuliza, "Ulisema nini juu yangu?"

Mzee akatazama zizini. "Si imo kwenye mashine ya Daktari? Ataileta. Utaisikia."

Daktari aliahidi kweli kuileta nakala. Lakini mwisho wa mwaka zikaja mvua za El Nino zikakata barabara, na barabara zilipopitika mradi ulikuwa umekwisha, fedha za wafadhili zimekwenda kutafiti watu wengine. Qamara aliisubiri mashine hadi akafa mwaka 2003. Miaka sita alilala kitanda kimoja na mke mwenye swali, akaona afadhali jibu litoke Dar es Salaam.

Baada ya matanga Marsela akawauliza wanaume waliokuwepo uani. Wengine walishatangulia. Waliobaki walisema hawakumbuki, na walisema haraka mno. Mzee Bartolomeo, rafiki mkubwa wa marehemu, ndiye peke yake aliyekiri. "Alikutaja kwa wema, shemeji," alimwambia. "Zaidi ya hapo siwezi." Wanawake Marsela hakuwauliza. Walishanong'ona juu yake vya kutosha, hakutaka kuwapa la kuongeza.

Hyasinta wakati huo alikuwa na kiduka cha fotokopi na intaneti Karatu mjini, kwenye barabara inayopanda kwenda geti la Ngorongoro. Magari ya watalii yalipita asubuhi hadi jioni, na vumbi jekundu liliingia mpaka ndani ya kompyuta. Hakuwa mwanamke wa subira. Wateja waliokuja na vyeti vilivyokunjwa kunjwa walisemwa kabla ya kuhudumiwa. Lakini kwa mama yake alikuwa mwingine. Kila Jumapili alikwenda Rhotia kumtazama, na kila Jumapili aliulizwa kama ile mashine ya Daktari imepatikana, akajibu bado, mama, tunaitafuta.

Oktoba 2008 akaingia dukani mama mmoja mwenye miwani, amebeba vipeperushi vya kurudufu. Jina lake Scholastika, mkutubi wa chuo kikuu kilekile. Walikuwa wanazunguka mikoani kuadhimisha siku ya maarifa huria, na Karatu walikuwa wamepewa ukumbi. Hyasinta alisoma kipeperushi cha kwanza kilipotoka kwenye mashine, bado cha moto: utafiti na vitabu vya chuo sasa vitasomwa na kila mtu kwenye kompyuta, bure, popote alipo.

"Na sauti, dada?" akauliza. "Zile walizorekodi watu wa chuo huku kwetu?"

"Na sauti pia. Kwa nini?"

"Baba yangu alirekodiwa. Qamara wa Rhotia."

Scholastika akavua miwani. "Wewe ni binti wa mzee Qamara? Jamani! Sauti yake tunayo kabisa. Ni hazina. Tena siku hiyo tutaisikiliza ukumbini."

Hyasinta hakuuliza zaidi. Hapo ndipo alipokosea, na alilijutia kosa hilo kuliko mengine yote, kwa sababu kuuliza ndiyo kazi anayowafundisha wateja wake kila siku. Alifunga duka mchana ule, akapanda gari kwenda Rhotia, akamwambia mama yake kwamba mzee amepatikana.

Siku yenyewe Silvanus aliazima gari la kampuni ya utalii aliyoifanyia kazi, akamleta mama yake kama mtalii, kiti cha mbele, kitambaa kipya kichwani. Ukumbi ulijaa. Walikuwepo walimu, wanafunzi wa sekondari waliopewa fulana nyeupe, waongoza watalii, wazee kadhaa wa Rhotia akiwemo Bartolomeo, na wafugaji wawili wenye lubega kutoka Endulen, hifadhini ambako kilimo ni marufuku, waliodhani ni mkutano wa kuruhusiwa kulima, wakaamua kukaa hadi mwisho kwa ajili ya soda. Mgeni rasmi alichelewa, kama ilivyo ada, kisha akazungumza juu ya sayansi na teknolojia mpaka watoto wakasinzia.

Scholastika alizungumza vizuri. Ni lazima haki yake apewe. Alieleza jinsi mwalimu wa Karatu atakavyosoma utafiti uleule anaousoma profesa wa Ulaya, bila kulipa senti, na walimu wakapiga makofi ya kweli. "Utafiti uliofanyika kwa jasho la wananchi ni mali ya wananchi," alisema. "Enzi za kufungia maarifa kabatini zimekwisha. Na leo, ili mjue sisemi maneno matupu, msikilizeni huyu."

Sauti ya Qamara ikatoka kwenye spika.

Marsela alimshika Hyasinta mkono kwa nguvu hata pete ikamuumiza. Ilikuwa sauti ileile, yenye kikwaruzo cha tumbaku, inataja njaa, inataja ndui. Wazee wa Rhotia waliokuwa wamekaa kwa kujikunja kwenye viti vya plastiki wakanyooka. Mstari wa pili wakaitikia. Mstari wa tatu wakasimama. Vijana wa Kiiraqw ambao hawakuwahi kuisikia slufay maishani waliwaangalia wazee, wakaingia nao. Mgeni rasmi alitabasamu asijue aitikie au apige makofi. Wakafika kwenye ukame, wakafika kwenye kijicho cha jirani, na hapo spika ikakata, na ukutani ikatokea picha ya jengo la maktaba.

"Hiyo ilikuwa kuonja tu," alisema Scholastika kwa furaha.

Wazee walibaki wamesimama. Mabaya yametajwa ukumbini, hayajafukuzwa, na mtoaji amenyamaza. Marsela akauliza kwa Kiiraqw, kwa sauti ya mtu mwenye masikio mazito, yaani ukumbi mzima ukasikia, "Mbona ameacha? Bado hajafika kwangu."

Hyasinta akainuka. "Dada, endelea tu. Mkewe yupo hapa, amekuja kusikiliza."

Watu wakapiga makofi. Uso wa Scholastika ukabadilika. Akashuka jukwaani, akachuchumaa mbele ya Marsela kwa heshima, lakini alisema na Hyasinta. "Dada yangu, nisamehe, ningekueleza mapema. Iliyo huria ni hiyo sehemu ya mwanzo. Iliyobaki imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na mzee mwenyewe." Akaeleza. Daktari Thadei alimuuliza Qamara, kama watafiti wanavyotakiwa kuuliza, ni nani aruhusiwe kuisikiliza sauti yake. Qamara akajibu: anayetaka kusikia aje kwangu. Daktari akaandika kama alivyoambiwa, kwamba ukiondoa kipande cha mfano cha mwanzo, isifunguliwe ila kwa ruhusa ya msimuliaji. Na sasa msimuliaji amefariki.

Hyasinta alipomtafsiria mama yake, Marsela alicheka. Wazee nao wakacheka, kicheko kibaya kisicho na raha. Hakuna mtu wa Rhotia asiyejua maana ya maneno yale. Aje kwangu: aje nimpe kigoda, nimpe pombe, akae aitikie vizuri mpaka mwisho. Qamara alikuwa anakaribisha wageni. Mgeni msomi akalichukua lile neno la karibu, akaligeuza kufuli.

"Alikuwa anawaita watu!" Hyasinta alisema kwa ukali. "Na mimi ni mwanaye. Nakupa ruhusa."

"Ninakuamini kabisa. Lakini nikivunja sharti la mzee leo kwa sababu binti yake kaniomba, kesho mzee gani mwingine atatuamini? Aliyeandika sharti ndiye anayeweza kulirekebisha. Nitamtafuta Daktari Thadei. Yuko Namibia sasa. Nakuahidi nitamtafuta."

Na ubaya wa maneno yale ni kwamba yalikuwa na akili.

Marsela hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameegemea fimbo yake, amegeukia kiti cha Bartolomeo. "Shemeji," alimwita mbele ya watu wote, "wewe ulikuwepo. Masikio ya mashine yamefungwa, yako je? Alisema nini?"

Penye wazee, wanasema, hapaharibiki neno. Bartolomeo alishusha macho kwenye kofia yake, akaizungusha mikononi. "Shemeji, unajua mwenyewe. Maneno ya maombi hayabebwi."

"Mimi ni bibi kizee. Jikoni kwangu hakuna hata moto."

"Hayabebwi, shemeji."

Wanafunzi wakagawiwa soda. Wafugaji wa Endulen wakachukua zao, wakamsalimu Marsela kwa kuinamisha vichwa, wakaondoka. Njiani kurudi Rhotia Silvanus, aliyezoea kuwaonyesha wageni kila ndege na kila mti, aliendesha kana kwamba nje hakuna kitu.

Scholastika aliitimiza ahadi. Aliandika Namibia, akaandika tena, na kila mara alimpigia Hyasinta kumweleza kwamba bado hajajibiwa, au kwamba kamati ya maktaba inakaa mwezi ujao, au kwamba kamati imekaa lakini akidi haikutimia. Hyasinta alianza kuichukia simu yake. Marsela akaingiwa na kifua baada ya mvua za vuli, akaacha kutoka nje. Swali lake la Jumapili lilifupika. Kwanza alikuwa akiuliza kama sauti ya mzee imefika, baadaye akauliza, "Imefika?", na mwisho akawa anamtazama tu binti yake akiingia mlangoni, na Hyasinta anatikisa kichwa. Wakamzika Februari, upande wa chini wa nyumba, kando ya mumewe na kando ya kaburi dogo ambalo halikuwa na jina.

Ujumbe wa Scholastika uliingia siku chache kabla ya kumaliza matanga. Daktari Thadei amejibu, amesikitika sana, ameagiza sauti yote ifunguliwe kwa familia na kwa umma. "Hongera sana dada," aliandika, "sasa dunia nzima itamsikia mzee." Hyasinta aliufunga mlango wa duka, wateja wakiwa wamesimama nje, akavaa spika za masikioni, akasikiliza. Ilimchukua muda kufika mwisho, kwa kuwa mashine yake ilikuwa inakatika katika. Njaa ikafukuzwa. Ndui ikafukuzwa. Kijicho kikafukuzwa. Kisha sauti ya baba yake ikashuka, kama mtu anayesogea karibu.

"Looaa, Mungu wetu, na huyu Marsela aliye jikoni. Mtoto hakufa kwa moto wake. Lile kaa aliliomba kabla ya meta. Nililijua tangu siku ile, maana mimi ndiye niliyemtuma. Niliwaogopa wakubwa wangu, nikanyamaza, na nimezeeka nikinyamaza. Mkosi kama upo, uwe wangu. Yeye mpe usingizi."

Na wanaume wakaitikia, wote kwa pamoja, na sauti ya Bartolomeo ilisikika wazi katikati yao.

Hyasinta alilia, kisha akakasirika, kisha akalia tena. Alimchukia baba yake kwa muda wote wa mchana ule. Mtu anapata ujasiri wa kukiri mbele ya Mungu, majirani na mashine ya Kijapani, akashindwa kutembea hatua chache mpaka jikoni!

Siku ya kumaliza matanga aliamua kwamba sharti la wazee amelichoka. Wanaume walikuwa uani na padri. Yeye akaingia jikoni, walikokuwa wanawake wa Rhotia wakichambua mchele na kumenya ndizi, wale wale waliowafunika vichanga vyao. Akasimama mlangoni, akawaambia yote. Aliwatamkia maneno ya baba yake neno kwa neno, kwa Kiiraqw, na alitaka yawachome.

Hakuna aliyeshtuka. Penina, mke wa Bartolomeo, ndiye aliyejibu, ungo ukiwa bado magotini.

"Mwanangu, hilo tunalijua. Bartolomeo aliniambia usiku ule ule."

Hyasinta akawatazama wengine. Mmoja akainamisha kichwa, na mwenzake naye, na yule wa karibu na moto akajifanya anakoleza kuni.

"Kila mmoja aliambiwa na wake," Penina akasema. "Wanaume gani hao wa kukaa na neno? Ndiyo maana tulianza kumwita kwenye uzazi, kama unakumbuka. Alikuja. Hakuuliza kwa nini."

"Alidhani mnamwonea huruma kwa sababu amezeeka," Hyasinta alisema. "Na hamkumwambia?"

"Tumwambieje? Tungewaumbua waume zetu kwamba wamebeba maneno. Halafu tulijua mzee mwenyewe kashamwambia. Mtu na mkewe, kitanda kimoja."

Kwa hiyo Rhotia nzima ilikuwa ikijua, tangu mwaka ule wa El Nino. Wanaume walijua, wake zao walijua, na yumkini hata wakwe zao. Aliyezikwa akiamini kwamba majirani wanamwona muuaji wa mwanawe alikuwa mmoja tu. Nje padri alikuwa ameanza sala, na chakula kilikuwa bado; Hyasinta akavuta kigoda akaketi kumenya ndizi pamoja nao.